Mashuka na Mashua

Siku lifti ilipokwama ikiwa na watu saba tumboni, mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri na ukumbi wa chini wa jengo lile ulinuka miavuli mibichi. Jengo la ghorofa kumi na mbili, lifti mbili, moja mbovu tangu mwaka jana, na kila aliyeingia amechelewa kazini. Watu walisukumana, wakakanyagana, wakaombana radhi bila kutazamana.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote ni binti mmoja wa ofisi ya safari, ghorofa ya tisa. Alivaa gauni la rangi ya haradali lililomkaa sawasawa kiunoni, na kitambaa cha kijani shingoni. Viatu vyake vyeupe alivibeba mkononi, maana matope ya siku ile hayakuwa na adabu. Kazini walimwita Ramani. Angeweza kumweleza mteja njia ya kufika popote, bonde kwa bonde, hoteli kwa hoteli, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kulala nje ya mji ule.

Kati ya ghorofa ya sita na ya saba lifti ikashtuka, ikaguna, ikasimama. Taa ikafifia. Bwana mmoja mwenye mkoba akaanza kusali kwa sauti.

"Mko wangapi humo?" sauti ya mwanamume ikauliza kutoka juu.

"Saba!" Ramani akajibu. "Na mmoja ameshaanza kutubu."

"Mwambie atubu taratibu. Nina kazi ya dakika kumi hapa."

"Zikiisha?"

"Zikiisha nawatoa, dada. Ulidhani nitawaacha humo mtage mayai?"

Hata yule wa mkoba alicheka. Mlango ulipobanduliwa kwa chuma, ukaonekana mwanya, na katika mwanya mkono. Ramani akaushika. Ulikuwa mkono mgumu, wenye joto, na ulipomwachia huko juu ulikuwa umeacha vidole vitano vyeusi vya grisi kwenye mkono wa gauni la haradali.

"Nimekuharibia nguo," fundi alisema. Alikuwa mrefu, mwembamba, ovaroli ya buluu imepauka magotini, na macho yake yalikuwa yameshaomba msamaha kabla ya mdomo.

"Umeniokoa ukanipiga chapa," alisema Ramani. "Kama ng'ombe."

Mchana fundi akapanda ghorofa ya tisa na kipande cha sabuni kilichofungwa katika gazeti. "Hii inatoa grisi. Nyumbani kwetu kufua ni elimu, hatubahatishi." Kisha akasahau kuondoka. Alikuwa akitazama ukutani, penye picha kubwa ya ziwa lililozungukwa na milima, na mashua moja nyeupe katikati.

"Hapa umefika?"

"Wateja wangu wamefika."

"Sijauliza wateja."

Ramani akacheka kwa aibu. "Sijafika. Lakini nalijua kuliko samaki wake."

"Basi nieleze."

Akamweleza. Maji ya samawati, yametulia kama kioo. Milima mitatu imeinama juu yake kama ndugu waliozunguka kitanda cha mtoto. Hoteli nyeupe ufukoni, gati la mbao, mashua zinazoondoka asubuhi na kurudi jua likielekea kuzama. Yalikuwa maneno ya vipeperushi, ameyasema mara elfu. Lakini huyu aliyasikiliza akiwa amefumba macho, na Ramani akajisikia kama anayeyasema kwa mara ya kwanza.

Mapenzi yakaanzia hapo. Watu wa jengo walimwita fundi Pandashuka, kwa sababu siku nzima alikuwa akipanda na kushuka bila kufika kokote. Yeye akamwita Ramani "Tisa", kwa ghorofa yake.

"Tisa wangu, umekula?" angeuliza kwa simu, injini ikinguruma nyuma yake.

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Juu ya kichwa chako. Ukisikia mtu anakanyaga dari ujue ni moyo wangu."

"Moyo wako una viatu vizito, mpenzi."

Saa ya chakula cha mchana walikaa kwenye chumba cha injini juu ya paa, wakatazama mji kupitia kidirisha chenye vumbi. Jioni alikuwa akimsindikiza hadi kituoni, na hapo hapo anaaga. Hakuwahi kukaa zaidi ya saa kumi na mbili. "Nyumbani nangojwa," alisema, na uso wake ulifunga kama duka. Ramani hakuuliza. Alijiambia kuwa mwanamke anayejiheshimu hachungulii ndani kabla ya kukaribishwa.

Mwezi wa tatu, juu ya paa, fundi alisema, "Lile ziwa. Mashua huchukua watu wangapi?"

Moyo wa Ramani ukaruka ngazi mbili. "Hata wawili."

"Nipangie. Siku nne. Panga kama unayejipangia mwenyewe, usiache kitu. Kuna mtu nataka alione kabla..."

Kengele ikalia. Watu wamekwama ghorofa ya pili. Fundi akanyakua begi la vifaa akakimbia, na sentensi yake ikabaki hewani haina mkia. Ramani akaumalizia mkia huo mwenyewe: kabla sijamposa.

Wiki ile alipanga safari kama bibi harusi anayepanga nyumba. Hakutumia fomu, aliandika nyuma ya bango la zamani, kwa kalamu ya kijani. Siku ya kwanza, mashua ya alasiri, mzunguko mfupi wa ghuba, wakae upande wa kushoto wasipigwe na jua. Siku ya pili, mashua ya alfajiri hadi chini ya maporomoko, wabebe sweta. Siku ya tatu, kisiwani mchana kutwa. Siku ya nne, hakuna kitu. Kukaa gatini tu na kutazama. Akapiga simu hotelini, akaulizia chumba chenye dirisha la ziwani. Huko wakamwambia aharakishe. Zimebaki wiki nne za mashua. Baada ya hapo ukungu unashuka kutoka mlimani, na mashua zote zinavutwa nchi kavu hadi msimu ujao.

Lililobaki lilikuwa fomu ya majina. Siku hiyo Ramani alikuwa kwa daktari wa meno, na fundi alipopiga simu ofisini alipokea Mama Mihuri, mwanamke mnene mwenye roho nzuri ambaye kazi yake ilikuwa kugonga mihuri na kutafuna karafuu.

Ramani alirudi shavu limevimba, akaikuta fomu mezani. Jina la fundi, halafu mstari wa pili, kwa mwandiko wa duara wa Mama Mihuri: *na bibi yake.*

"Hiki nini?" akauliza, ulimi bado mzito kwa ganzi.

"Fundi wako kapiga. Nikamuuliza mtakuwa wangapi, akasema wawili, mimi na bibi yangu. Nimeandika alivyotamka."

Sasa msomaji aelewe nyumba aliyokulia Ramani. Kwao, mama wa mama aliitwa nyanya, basi. Neno bibi lilikuwa la baba yake: kila alipotoka kazini alisimama mlangoni akaita, "Bibi yangu yuko wapi?" na mama akatoka jikoni akipangusa mikono. Kwa hiyo Ramani aliposoma neno lile hakuona maana mbili. Aliona mlango, na mwanamke anayetoka jikoni.

Hata hivyo alijipa moyo, akapiga simu. Iliita sana. Akapokea mwanamke, sauti nyororo yenye kicheko ndani yake kama maji ndani ya mtungi.

"Mume wangu anaoga, mpenzi. Piga baadaye."

Ramani akakata. Alikaa mpaka ganzi ikamtoka, na maumivu yalipokuja hakujua yapi ni ya jino.

Ningependa kusema alimkabili fundi akamtukana. Hakufanya hivyo. Alifungua droo ya chini, akaiweka fomu chini ya kalenda za mwaka uliopita, juu yake akaweka lile bango lenye maandishi ya kijani, akafunga kwa ufunguo. Hakuifuta safari. Hakuituma. Na kesho yake akaanza kupanda ngazi.

Ghorofa tisa asubuhi, ghorofa tisa jioni, ili asiguse lifti ambayo mkono wa fundi umeigusa. Namba ya fundi akaifungia. Fundi alipokuja ofisini, Ramani alijificha stoo, na Mama Mihuri akadanganya kwa taabu: "Ametoka kidogo."

"Kidogo hiki kina wiki," fundi alisema. Ramani alimsikia kupitia ukuta wa mbao. "Nimemkosea nini, mama?"

"Mimi nagonga mihuri tu, mwanangu."

"Basi mwambie kwa upande wangu sina haraka. Ila ile safari asiisahau. Yeye ndiye anapanga."

Mnafiki, Ramani alijisemea gizani katikati ya mafaili. Yaani nikupangie na mkeo mpigwe na upepo upande wa kushoto. Akalia bila sauti, uso kwenye koti la mtu asiyemjua.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Viatu vyeupe viliisha visigino. Wiki ya nne hoteli ikapiga simu kusema mashua zimeshavutwa, ukungu umewahi mwaka huu. "Sawa," alisema Ramani, akakata.

Jumanne iliyofuata Mama Mihuri alikuja akasimama mbele ya meza yake. Leo hakuwa akitafuna.

"Fundi kapita. Anasema usihangaike tena na safari. Macho ya bibi yake yamezima kabisa Jumapili."

"Yamezima vipi?"

"Presha ya macho. Daktari aliwaambia kitambo kuwa ni suala la wiki. Ndiyo maana alikuwa anakimbilia ile safari."

"Mkewe ni kipofu?"

Mama Mihuri akamtazama kama mtu anayetazama maji yakifurika asijue afunge wapi. "Mke gani? Nasema bibi yake. Mama wa mama yake, aliyemlea. Wewe Ramani, ulidhani bibi yupi?"

Maneno mawili. Bibi yupi. Angeyauliza siku ile, na shavu limevimba hivyo hivyo, yasingemgharimu hata pumzi.

Alipanda ghorofa tatu za juu mbio, hadi chumba cha injini. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya injini na kopo la grisi. Alipomwona hakusimama.

"Fomu ilikuwa wapi?" aliuliza. Hakupaza sauti.

"Kwenye droo yangu."

"Muda wote?"

"Muda wote. Nilidhani una mke. Nilipiga simu, akapokea mwanamke akasema mume wangu anaoga."

Fundi akaliweka kopo chini polepole. "Ameniita mume wake tangu nazaliwa. Ni utani wake. Mimi mume, yeye ananidai posho." Alitaka kucheka, akashindwa. "Alifanya kazi hoteli ile ile, Tisa. Ujana wake wote. Dobi. Mgongo kwa ziwa, mashuka mbele ya uso, kutwa kucha. Alikuwa akisema: nimefua mashuka ya waliopanda mashua. Hajawahi kupanda hata moja. Nilitaka akae katikati ya maji aitazame ile hoteli kwa mbali, aione ilivyo ndogo."

Ramani akatazama viatu vyake vilivyoisha visigino.

"Kila jioni aliniuliza, Tisa amesemaje? Nikamjibu, Tisa anapanga, Tisa hasahau." Akachukua tena kopo. "Ungeuliza tu."

"Ningeuliza."

"Haya. Nenda kafanye kazi."

Hakwenda kufanya kazi. Alipata anwani kwa mlinzi wa jengo, na saa tisa alasiri alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ndogo yenye kamba tatu za kuanikia uani, zimevutwa sawasawa kama mistari ya daftari. Ndani, kwenye kiti kando ya dirisha, alikaa mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, mikono imepauka kama karatasi. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu ndani.

"Hodi."

"Karibu. Sauti ngeni hiyo." Ni ile ile ya kwenye simu, nyororo; mwili wote ulikuwa umezeeka, sauti ilikuwa imekataa.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye Tisa."

Akapiga magoti, akasema yote: fomu, simu, droo. Hakujipunguzia. Alipomaliza, vidole vya bibi vilipapasa upindo wa khanga.

"Uliniona mimi mke mwenzio?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi? Na meno haya manne?" Akaanza kucheka, mabega yakatikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakukoma upesi, na kicheko kikaisha kikayaacha yakienda peke yake. Ramani akaweka paji la uso kwenye magoti yake. Harufu ya sabuni, ile ile ya ndani ya gazeti.

"Umeniibia kitu, mjukuu wangu," bibi alisema mwishowe. "Sitakudanganya kwamba si kitu."

"Najua."

"Lakini mashua bado sijapanda. Kupanda mashua kunataka makalio, si macho. Makalio ninayo."

Wakaenda mwezi uliofuata, watatu, kwa basi la saa saba. Ramani aliomba likizo yake ya kwanza katika miaka minne. Alivaa sweta la kijivu na kilemba cheusi, kama mtu aendaye msibani. Njia nzima fundi alimsemesha mara nne, na zote nne zilimhusu bibi: mpe maji, shika begi, funga dirisha, amelala.

Ziwa halikuwepo. Mahali pa ziwa palikuwa na ukungu mweupe unaoanzia kwenye gati na usioishia popote. Hoteli ilikuwa na wageni watatu, yaani wao. Mashua nyeupe za kwenye picha zilikuwa zimelazwa kifudifudi nyasini chini ya maturubai. Mwanamke mwenye funguo za hoteli aliwaonea huruma, akawapa kimashua cha makasia kilichobaki majini, kwa sharti wasivuke boya la mwisho.

Fundi akashika makasia. Kimashua kikazunguka papo hapo. Akajitahidi, kikazunguka upande wa pili.

"Mume wangu huyu," bibi alisema, "amezoea juu na chini. Pembeni hajui."

Ramani alicheka, kisha akaogopa kucheka. Polepole wakasogea, maji yakigonga mbao, baridi ikiuma masikio. Bibi alikuwa ameteremsha mkono majini tangu waondoke gatini na hakuutoa.

"Haya," alisema. "Wanasema wewe unalijua kuliko samaki. Nieleze."

Ramani akafungua mdomo. Maneno yakaja yenyewe, yamezoea njia. "Maji ni ya samawati, Bibi, yametulia kama..."

"Uongo," bibi alisema kwa upole. "Nilifua kwa maji haya. Hayajawahi kuwa ya samawati msimu huu. Nimekuuliza unaona nini."

Tone lilidondoka kutoka kwenye kasia.

"Sioni kitu," Ramani alisema. "Ukungu tu. Sioni hata mkono wangu nikiunyoosha."

"Naye mume wangu?"

"Sioni kitu, Bibi," fundi alisema.

Bibi akavuta pumzi ndefu. "Basi leo tumelingana."

Walikaa hivyo, makasia yamelazwa. Kisha upepo mdogo ukapita, na ukungu upande wa ufuoni ukachanika mahali pamoja, pasipozidi dirisha.

"Bibi! Naiona hoteli. Ukuta mweupe, rangi imebanduka. Baraza. Kamba." Ramani alisimama nusu, mashua ikayumba. "Kuna mwanamke anaanika mashuka barazani. Mashuka yetu. Ametupa mgongo."

Mkono wa bibi ulitoka majini. "Mgongo kwa ziwa?"

"Ndiyo."

"Mwambieni ageuke."

Fundi akaweka mikono mdomoni. "Dadaa!" Sauti ikaenda, ikagonga mlima usioonekana, ikarudi. "Geukaa!"

"Amegeuka," Ramani alisema. "Amesimama na shuka mkononi. Anatutazama. Bibi, anapunga shuka."

Bibi akainua mkono wake ulioloa, akaupunga kule, bila kukosea upande. Aliupunga mpaka ukungu ukafunga tena na Ramani akasema hamwoni. Hata hapo hakuushusha upesi.

Fundi alichukua makasia. Hakupiga kasia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya injini alimtazama Ramani usoni, na macho yake yalikuwa bado na jeraha, lakini yalikuwa yamefunguliwa.

"Msimu wa mashua ukirudi," alisema taratibu, kama anayejaribu lifti iliyokwama kwa uzito wake mwenyewe, "nitapenda kuja tena. Mimi na bibi yangu."

Ukungu ukawapita. Safari hii Ramani hakufunga droo yoyote.

"Bibi yupi?" akauliza.

Mwanamke mzee aliyekaa katikati yao akaukausha mkono wake kwenye upindo wa khanga, kidole kwa kidole, kama anayemaliza kazi.

"Si mimi," alisema. "Mimi nimeshaona."